Ndege ya Saa Tatu

Liège, 6 Agosti 2017

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi huku tuko salama, na huyu aliye tumboni anapiga mateke kama mtu anayegonga mlango wa watu. Daktari ameniambia nipumzike kidogo, basi napumzika. Twagirayezu ndiye mpishi siku hizi. Mkwe wako ni mtu mwema, Mama, lakini wali wake ungeweza kujengea ukuta.

Sasa sikiliza, maana leo naandika mambo ya safari. Tiketi yako ya treni nimeshainunua. Huku Ulaya treni hizi za mbali zinauzwa miezi mitatu kabla, na anayewahi ndiye anayepata bei ya watu kama sisi. Lakini bei hiyo ina ukali wake: ni treni ileile, siku ileile, jina lilelile. Ukichelewa dakika moja, tiketi inakuwa karatasi ya kufungia karanga. Haibadilishwi, hairudishwi. Jina nimeliandika kama lilivyo kwenye kitabu chako cha safari, Uwamariya Donatille. Ukiulizwa, usije ukasema wewe ni Mama Elisée, hawamjui.

Ndege itakushusha Amsterdam Alhamisi tarehe 12 Oktoba, saa moja asubuhi. Treni inaondokea hapohapo chini ya uwanja wa ndege, unashuka ngazi tu, saa nne na dakika kumi. Kulikuwa na nyingine ya mapema zaidi nikaikataa, kwa sababu nawajua watu wa kukagua pasi, na nakujua wewe na mizigo yako. Haraka haraka haina baraka. Brussels unabadilisha treni, na hapo nafasi ni dakika ishirini tu, lakini usiogope: Twagirayezu atakuwa amesimama mlangoni mwa behewa lako, namba saba. Saa zote nimekuandikia saa zetu, siyo za Wazungu. Nimelelewa na wewe, najua.

Mama, wale wawili wa kwanza waliondoka wewe ukiwa mbali. Nilirudi nyumbani mikono mitupu na hakuna aliyenikanda wala kunifunga tumbo. Huyu nataka akukute. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Binti yako,
Joyeuse


Richfield, 20 Agosti 2017

Joyeuse mwanangu,

Barua yako ameniletea Kemunto, yule nesi Mkenya wa nyumba ya chini, ndiye anayeniwekea na hizi zangu posta. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya hapa ni ya kaka yako Elisée. Jioni inawekwa katikati ya meza ikipiga kelele kwa wote, watoto wanaililia, na mimi naishia kusema tuko sawa, Mungu ni mwema. Kisha unakata, na yote niliyotaka kukuambia yanabaki kooni.

Tiketi nimeifurahia mpaka nikaimba. Bernardine akauliza kuna nini, nikamwambia wifi yako amenunua treni.

Unajua maisha ya hapa. Kaka yako anatoka alfajiri kwenda Burnsville kwenye ghala lake. Mkewe Bernardine anashika gari lake mpaka Anoka kuwaosha wazee wa watu. Mimi nabaki na Merveille, miaka minne, na Générose wa mwaka mmoja. Nikimwambia Merveille njoo ule, ananielewa vizuri sana, kisha ananijibu Kiingereza. Mwaka wa tisa huu niko Amerika, na ukiniuliza Amerika ikoje, nitakuambia ina dirisha la jikoni na mahali pa kuegesha magari. Kwa miguu hakuna pa kwenda. Jumapili tunakwenda kanisani, na hapo pia nakaa nyuma na Générose kwa sababu analia.

Nisikufiche, nimechoka kufungiwa. Na hakuna aliyenifungia, ndiyo maana sina hata mtu wa kugombana naye. Mlango uko wazi, ufunguo ninao, na siwezi kutoka, maana kuna watoto wawili ndani na mzazi mmoja yuko kusini na mwingine kaskazini. Elisée ni mtoto mwema. Alininunulia tiketi ya ndege tangu Aprili, alipoahidiwa kwamba binamu wa mkewe atakuja kukaa na watoto. Tiketi yenyewe imo ndani ya simu yake. Mimi ningependa kuishika, lakini anasema siku hizi tiketi hazishikwi.

Nimeshafunga unga wa mtama wa uji wako, na kile kitenge cha kukufunga tumbo, kirefu. Nijibu jambo moja: mtu akikosa treni yake kwa kosa ambalo si lake, wanamhurumia? Au nao wana roho za mashine?

Lala kwa ubavu wa kushoto. Mwandiko wako unapanda juu kulia. Mtu aliyekaa mezani haandiki hivyo.

Mama yako,
Donatille


Burnsville, 18 Septemba 2017

Mdogo wangu Joyeuse,

Pole na hali. Naandika ndani ya gari, mapumziko ya dakika thelathini, kwa sababu nyumbani Mama anasikia kila neno na haya sitaki ayasikie.

Nina ombi. Je, ile tiketi ya treni inaweza kusogezwa, tuseme Desemba? Ya ndege nitajua mwenyewe cha kufanya. Binamu wa Bernardine aliyeahidi kuja kukaa na watoto amepata kazi, haji tena. Bernardine bado yuko kwenye miezi ya majaribio kule Anoka, akikosa siku wanamwondoa. Mimi hapa ghalani kila ukikosa wanakuandikia pointi, na pointi zangu zimejaa tangu Générose alipougua masika. Ikiongezeka moja, niko nje. Kuwapeleka wawili deikea, kituo cha kulea watoto mchana kwa malipo, kunakula mshahara wa mtu mzima mzima.

Sisemi Mama asije. Nasema tu kama inawezekana mwezi mmoja au miwili mbele. Mtoto akishazaliwa pia anahitaji bibi, au siyo?

Mama usimwambie kwamba nimeuliza. Anaimba kila asubuhi.

Msalimie shemeji.

Kaka yako,
Elisée


Liège, 27 Septemba 2017

Kaka Elisée,

Hapana. Tiketi haisogezwi hata saa moja, nilimwambia Mama na nakuambia na wewe. Na treni ni kitu kidogo. Viza yake inakwisha tarehe 30 Novemba. Unakumbuka ilichukua muda gani kuipata. Desemba unayoisema haipo.

Sasa nikuambie na mimi jambo ambalo Mama hajui. Siko nyumbani. Niko hospitalini tangu mwisho wa Julai, kitandani, nimelazwa miguu juu, naruhusiwa kwenda msalani na kurudi. Kizazi kinataka kufunguka kabla ya wakati, kama kwa wale wawili. Kila siku nahesabu siku. Dirisha langu linaona ukuta. Barua zote hizi naziandika nikiwa nimelala, na Twagirayezu anazipeleka posta.

Sikumwambia Mama kwa sababu angekuja kwa kuogelea. Kaka, ninyi wote wawili ni damu yangu na naelewa shida yenu. Lakini mimi naogopa. Naogopa sana, na sijamwambia mtu mwingine. Mlete uwanjani tarehe 11, mengine niachie mimi.

Joyeuse


Richfield, 12 Oktoba 2017

Joyeuse mwanangu,

Keti kabla ya kusoma. Najua kwa simu umeshasikia, lakini kwenye simu kila mtu alikuwa akilia na hakuna aliyeeleza.

Ndege iliniacha. Ni kosa la saa tu. Kaka yako alinibandikia karatasi kwenye friji tangu Jumapili: Jumatano, ndege saa tatu. Mimi nikasoma saa tatu. Nikajua ni usiku, kwa sababu alisema atanipeleka akitoka kazini, na kazini anatoka jioni. Kumbe yeye aliandika saa ya simu yake, tatu ya Wazungu, saa tisa mchana kwetu. Miaka mingi na watu hawa, ulimi unageuka na kalamu inafuata.

Alifika saa kumi na mbili jioni akanikuta tayari. Bernardine alikuwa amesharudi, akabaki na watoto. Uwanja wenyewe uko karibu, hata wali hauivi kabla hujafika. Pale kaunta dada mmoja mrefu akatazama mashine yake, akatutazama sisi, akatazama tena mashine. Akasema ndege imeondoka saa nyingi. Elisée alishika ile kaunta kwa mikono miwili. Alilia, Joyeuse, mbele za watu, mwanaume mzima. Nikamshika mkono tukarudi garini.

Kuhusu tiketi, kwa kuwa sikutokea, wanasema yote imekufa, ya kwenda na ya kurudi. Na yako ya treni leo saa nne imekufa pia. Nimekaa jikoni asubuhi hii nikiwaza mkwe wangu amesimama mlangoni mwa behewa namba saba na hakuna anayeshuka. Mwambie anisamehe.

Usimlaumu kaka yako. Nakuomba hilo moja tu. Kosa ni langu, ningeuliza.

Uji wa mtama chemsha sana, usiunywe ukiwa mwepesi.

Mama yako,
Donatille


Liège, 21 Oktoba 2017

Elisée,

Twagirayezu alisimama Brussels tangu saa nne. Hatukuwa na habari, simu yako ulikuwa umeizima tangu jana yake. Treni ikaja, akatafuta behewa la saba, watu wakashuka wote. Akafikiri Mama amepanda behewa lisilo lake. Akakimbia treni nzima akichungulia madirishani. Akangoja inayofuata, na inayofuata. Saa tisa alinipigia hospitalini akasema, Joyeuse, simwoni Mama, na sauti yake sijawahi kuisikia hivyo.

Nimelala hapa siku tisa nikiifikiria karatasi yako ya friji. Sina kingine cha kufanya ila kufikiri.

Niambie. Katika nyumba ya Mama, ni lini mtu aliwahi kumtajia saa za kizungu? Kambini, tulipokuwa wakimbizi, wewe ndiye uliyekuwa unamsomea saa za mgao na saa za zahanati, ukizigeuza ziwe saa zetu. Mimi mwenyewe Bernardine alinisimulia akicheka kwamba mwaka wa ndoa yenu ulimfundisha: kwa Mama, saa zinaanza kuhesabiwa jua likitoka. Ulimfundisha mkeo. Halafu ukasahau wewe?

Sitaki maelezo ya pointi. Nijibu hilo tu.

Joyeuse


Burnsville, 31 Oktoba 2017

Joyeuse,

Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana.

Sikusahau.

Sikiliza jinsi ilivyokuwa, siyo kwa kujitetea. Niliomba ruhusa ya Jumatano ile, msimamizi akasema hapana. Nikawaza kumwomba Kemunto ampeleke Mama. Lakini akishampeleka, watoto wanabaki na nani Alhamisi, na Ijumaa, na wiki saba zote? Kila nilipofikiri nilifika palepale ukutani. Nilipaswa kumwambia Mama usiende. Maneno mawili tu. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake Jumamosi, nikamkuta anakunja kile kitenge cha kukufunga tumbo, anakikunja na kukikunjua, na ananitabasamia. Nikarudi.

Jumapili nikachukua karatasi. Nikaandika Jumatano, ndege saa, na kalamu ikasimama. Nikasema moyoni, kwenye simu imeandikwa tatu. Naandika tatu, si uongo. Akiniuliza ni tatu ipi, nitamwambia. Nilijiahidi hivyo. Hakuniuliza, Joyeuse. Aliisoma, akasema asante mwanangu, akaipigapiga ishike vizuri.

Jumatano nilizima simu nikaiweka chini ya kiti cha gari. Saa tisa ilipofika nilikuwa natumia ile mashine ya kunyanyua mizigo, nikasikia ndege, nikatazama juu, kuna bati tu. Nililia pale kaunta kweli, sikuigiza. Nilikuwa nimeamini mpaka dakika ile kwamba labda ndege imechelewa.

Niliijua hali yako. Uliniandikia kwamba unaogopa na bado niliandika tatu. Hilo siwezi kulizunguka.

Sasa ninalokuomba huna sababu ya kunipa. Usimwambie Mama. Anaamini ni ulimi uliteleza. Ananiwekea chakula, ananiambia pole na kazi. Akijua, sitaweza kukaa naye chumba kimoja, na hapa hatuna vyumba vya kukimbiliana. Nitukane mimi unavyotaka. Lakini yeye usimwambie.

Elisée


Liège, 15 Novemba 2017

Mama,

Amezaliwa. Tarehe 4, Jumamosi mchana, wiki tatu kabla ya siku zake, mdogo kama paka, lakini analia kwa sauti yako. Walimweka kwenye kisanduku cha kioo siku tisa, na juzi wamenipa nimshike bila mipira. Tumemwita Donatille. Mzima, Mama. Nimemhesabu vidole mara nyingi mpaka Twagirayezu akanicheka.

Nilikuficha, na sasa unajua: nilikuwa hospitalini muda wote. Nisamehe. Wakati wa uchungu mkunga aliniuliza, mama yako yuko wapi? Nikamjibu yuko njiani. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kila mlango ulipofunguka nilitazama. Mtoto alipotoka bado nilikuwa natazama mlango.

Sina hasira na wewe. Na nani nina hasira, hilo tuliache. Nimejifunga tumbo mwenyewe na shuka la hospitali, wauguzi wakaona ni ushamba. Uji amepika Twagirayezu, na kama nilivyokuambia kuhusu wali, basi na uji ni uleule.

Lakini kuna kitu kinanisumbua na lazima nikuulize, ndipo nipate kulala. Mama, tangu Jumapili ulikaa na karatasi ile. Wewe, ambaye kambini watu walikuwa wakija kukuuliza saa kwa kuwa hukosei. Wewe ambaye humwamini mtu yeyote kuhusu chumvi mpaka uionje. Kemunto huenda Nairobi kwa njia hiyohiyo ya Amsterdam, uliniandikia mwaka jana. Hakupita kukuaga? Hukumwuliza hata yeye? Ungeuliza mtu mmoja tu, Mama, ungekuwa hapa.

Joyeuse


Richfield, 3 Desemba 2017

Joyeuse mwanangu, mama wa Donatille,

Nimeipigia magoti barua yako. Nimelia, nimecheza, nimempigia Merveille vigelegele akaziba masikio. Mungu wa wajane hajalala. Mtoto mwogeshe maji ya vuguvugu, siyo ya moto kama wanavyokudanganya watu, na umpake mafuta akiwa bado na unyevu. Kitovu kama bado hakijaanguka usikiguse, kitaanguka chenyewe. Wewe jikande kwa maji ya moto kweli, asubuhi na jioni, kiunoni na tumboni, mpaka uone jasho. Shuka la hospitali ni fupi. Chukua vitenge viwili uviunge. Mkwe wangu akuvutie kwa nguvu, mwambie nimemruhusu.

Viza yangu imekwisha Alhamisi. Kitabu cha safari Elisée amekirudisha kwenye droo. Kaka yako amekuwa mpole siku hizi mpaka anatia huruma. Ameninunulia ndara za manyoya, anaosha vyombo, hanitazami usoni. Nikimwambia pole na kazi anajibu kama mtu aliyechomwa. Binamu wa mkewe naye hakuja. Niko hapa, na watoto, na dirisha.

Umeniuliza swali na sikutaka kulijibu. Nimekaa nalo wiki nzima. Lakini mtu aliyezaa akitazama mlango hadanganywi, kwa hiyo nitakuambia, na wewe utaniapia kwamba Elisée hatajua kamwe kwamba najua.

Kemunto alikuja saa sita mchana kuniaga kabla ya kwenda kazini. Akaiona valizi yangu ya safari sebuleni, akaisoma karatasi kwenye friji, akacheka.

“Mama Elisée, hii si saa tatu yetu! Hiyo flight ni ya saa tisa mchana, mimi ndiyo huipanda nikienda Nairobi. Ukingoja usiku utapata wafagiaji tu.”

Kisha akaacha kucheka. Tukampigia Elisée mara sita, simu imezimwa. Bernardine kazini simu wanawafungia kabatini. Kemunto akaitafuta ndege kwenye simu yake, akanionyesha. Saa tisa.

“Shika kitabu chako cha safari, hicho kinatosha pale kaunta, twende saa hii. Dakika kumi tumefika. Hawa watoto tuwabebe, nikishakushusha narudi nao hapa nikae nao. Kazini nita-call in sick, niseme naumwa, hawataniua.”

Unaona, mwanangu. Nafasi ilikuwepo. Watoto walikuwa na mtu, gari lilikuwa na mafuta. Tulishuka. Valizi ikaingia nyuma. Merveille akafungwa mkanda, Générose nikampakata. Kemunto akawasha gari.

Hapo nikapata kufikiri. Elisée si mtu wa kukosea saa zangu. Ndiye aliyenisomea saa tangu akiwa na miaka minane. Nikamwona jioni anapanda zile ngazi, anafungua mlango, anamkuta Kemunto na watoto, na mimi sipo. Angejua palepale kwamba nimejua. Nikajiuliza nitamwandikia nini kutoka kwako, na yeye atanijibu nini, na nani kati yetu angeanza. Mtoto anayefika mahali pa kumdanganya mama yake kwa tarakimu moja hakufika hapo kwa furaha. Alikuwa amezama, na mimi niliyekaa naye nyumba moja sikuona. Nilikuwa naimba.

Nina hasira naye. Usidhani sina. Kuna siku namtazama mgongo wake akiosha vyombo na nataka kumrushia sahani. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nina wawili. Nikafikiri, Joyeuse ana mume, ana madaktari, atangoja kidogo, tutapata ndege nyingine. Elisée akinipoteza kwa njia hii hatanipata tena. Ndivyo nilivyofikiri. Sikujua umelazwa. Nilishuku, kwa mwandiko, lakini sikujua. Ningejua, Mungu ndiye anayefahamu ningefanya nini. Nilikuchagulia wewe kuzaa peke yako, na kwa hilo naomba unisamehe, na usiponisamehe nitakuelewa.

Nikamwambia Kemunto azime gari. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Nikawalisha watoto, nikawalaza. Saa tisa ilipofika sikwenda dirishani. Saa kumi na moja nikampasha Générose uji, Bernardine akaingia akanikuta namlisha. Kisha nikavaa koti na kitambaa changu cha kanisani, nikaivuta valizi mpaka mlangoni, nikakaa kwenye kiti, nikamngoja mwanangu aje anidanganye.

Mama yako,
Donatille